Njia ya Ng'ombe Mpaka Ruvu

Mtani wangu ameacha kunitukana. Watu wa mtaani wanadhani ni uzee, au ni ule mguu aliokatwa, au kwamba hatimaye sisi wawili tumepata busara. Siyo hivyo. Ameacha kwa sababu yangu, na kila asubuhi nikishuka ngazi za jengo letu pale Mchafukoge na kuanza kutembea kuelekea Kariakoo, nina shida moja tu: kujua kama leo atanitukana.

Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, babu zake waliposhuka pwani na mizigo kichwani, na babu zangu wakawapokea, wakawapunja, na waliokufa wakawazika. Mtani ana haki ya kukuita mwizi mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia jikoni kwako akafunua sufuria, akanusa, akalaumu. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umevunja kitu ambacho hakikuanzishwa na wewe.

Nilimpata kwa sababu ya rimu iliyopinda. Nilikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, kijana wa kidato cha nne niliyejiona msomi, na kazini nilikuwa nakwenda kwa baiskeli. Yeye alikuwa na kibanda cha spea za baiskeli kwenye uchochoro nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Akaniuliza kabila langu, nikamwambia. Akaiweka rimu chini, akasimama, akautangazia uchochoro mzima waje wamwone Mzaramo mwenye kazi, kwamba huenda wasimwone mwingine. Nikamjibu kwamba nimekuja kuhakikisha kama mpagazi anaweza kutengeneza kitu kisichobebwa kichwani. Tangu siku ile, kwa miaka zaidi ya thelathini, sikumbuki wiki iliyopita bila kutukanana. Amenitukana siku ya ndoa yangu. Amenitukana nilipostaafu. Kariakoo ikabomolewa na kujengwa juu yetu, nyumba za udongo zikawa maghorofa, machinga wakajaa mpaka mlangoni kwake, na kibanda chake kikabaki palepale, kimeminywa kati ya duka la vifaa vya simu na duka la mapazia.

Wateja wake wa siku hizi ni watu wa maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, na vijana fulani wa mjini wenye baiskeli za gia na kofia ngumu, wanaoendesha kwa starehe. Hao ndio waliotuletea habari ya njia ya ng'ombe. Walikuja Ijumaa moja kununua tyubu, wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, wakaeleza kwamba nyuma ya Kisarawe kuna njia ambayo wachungaji wanaipitisha mifugo kwa miguu kuja mnadani Pugu. Hakuna gari, hakuna lami. Unaifuata kijiji hadi kijiji, porini, mpaka Mto Ruvu.

Mtani wangu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. Akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. Vijana walipoondoka akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kunieleza. Babu wa baba yake alikuwa mpagazi, na hadithi iliyobaki katika ukoo ni moja tu: kwamba msafara ulipofika Ruvu walitua mizigo, wakakoga, wakafua shuka zao na kuzianika juu ya vichaka, ndipo wakaendelea. Walifanya hivyo ili watu wa pwani wasiwacheke.

Akasema anataka kufika pale kwa baiskeli kabla miguu haijamkataa. Nikamwambia nitamsindikiza, kwa kuwa atapita katika mihogo ya Wazaramo na lazima awepo wa kuilinda.

Miguu ndiyo iliyokuwa hatari. Ana sukari ya muda mrefu. Mkewe alijua hawezi kumzuia, na daktari mwenyewe alikuwa amemwambia baiskeli ni nzuri kwake, kwa hiyo hakubishana. Jioni ya kuamkia safari alinisindikiza mpaka nje, akafunga mlango nyuma yake ili mumewe asisikie.

“Shemeji, miguu yake imekufa ganzi,” akaniambia. “Akichomwa hajui, na macho nayo hayamsaidii. Kila jioni mvue viatu umwangalie nyayo. Akikataa usimsikilize.”

Nikamwahidi. Nilimwahidi kwa jina la Mungu, na sikuombwa nifike huko.

Tuliondoka alfajiri, watu wa maguta wakiwa ndio wanaanza kupakia. Mpaka Pugu barabara ilikuwa ya malori, tunaendesha pembeni kama watoto walioonywa. Baada ya Kisarawe tukaiacha lami, na ndani ya muda mfupi nikaelewa kwamba mimi siyo mwendeshaji, mimi ni mtu niliyekuwa nakwenda kazini kwa baiskeli. Njia ile ilikuwa imekanyagwa na kwato wakati wa mvua, kisha ikakauka. Kila shimo la ukwato liligonga mikono mpaka kwenye meno. Palipokosa mashimo palikuwa na mchanga, tairi linazama, baiskeli inalala upande kama mnyama aliyegoma. Nilikuwa nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia nyingi, na sikujua kuzitumia. Yeye alikuwa na ileile nyeusi ya Kichina aliyoitengeneza mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba sidhani kama palibaki kipande kilichotoka nayo kiwandani. Alikuwa anapanda vilima akiwa amesimama juu ya pedeli, kisha ananisubiri juu, chini ya mkorosho, akitafuna bibo na kunitangaza kwa kila mtu anayepita. Wanawake waliotoka kuchota maji aliwaambia huyu ni ndugu yenu, mnamtambua? Amezaliwa mjini, mumtafutie kitanda.

Jioni ya kwanza tulilala shambani kwa binamu yangu upande wa mama. Nilitimiza ahadi. Kabla jua halijazama nilimkalisha kwenye kigoda, nikamvua raba na soksi, nikaziangalia nyayo zake kwa mwanga wa jua lile la mwisho, nikapitisha kidole kati ya vidole vyake, nikampaka mafuta ya nazi. Zilikuwa salama. Alifurahi sana. Akamwomba binamu yangu apige picha, apeleke Tabora, ndugu zake waone kwamba deni la mababu limeanza kulipwa. Nilicheka, lakini nilikuwa nimechoka, na kuna kitu kilinichoma kidogo. Shamba lile ni la ukoo wangu. Watu waliotuzunguka ni watu wangu. Na wote walikuwa wamemkusanyikia yeye.

Siku ya pili tulikutana na ng'ombe. Walikuja kundi refu, vumbi kwanza, kisha pembe, kisha kijiti cha mchungaji kikielea juu ya migongo. Njia ni yao, ilibidi tuwapishe. Tukazibeba baiskeli tukaingia kichakani katikati ya migunga, tukasimama humo mpaka wakaisha. Tulipotoka, tairi langu la nyuma lilikuwa limelala. Akalichomoa, akapitisha kiganja ndani, akautoa mwiba mrefu mweupe, akanionyesha. Akaziba tyubu kwa kiraka na gundi, polepole, huku akinieleza kwamba Mzaramo na tairi ni ndugu, vyote vinahitaji kupulizwa ndipo viende. Ninaamini ni pale kichakani ndipo alipochomwa na yeye. Tuliukagua mpira wa baiskeli yangu kwa makini sana. Hakuna aliyekumbuka kwamba hata raba ina soli ya mpira.

Mchana ule alinibebea baiskeli kuvuka korongo. Aliiweka kichwani kabisa, mikono akaiachia, akatembea hivyo kwenye mawe akiimba. Alifanya mzaha, na ulikuwa mzaha mzuri. Lakini watoto wa kijiji kilichokuwa juu ya korongo waliona, wakakimbia kutangulia kutoa habari, na nilipoingia kijijini nikitembea mikono mitupu nyuma ya mgonjwa aliyebeba baiskeli yangu, nilikuwa nimeshaanza kutafuta pa kulipizia.

Palikuwa na benchi la kahawa chini ya paa la makuti, wazee wanacheza bao. Wazaramo watupu. Niliswali Alasiri, nikarudi, nikajitambulisha kwa ukoo wa mama, wakanijua. Nikawaambia huyu ni mtani wetu. Nyuso zikachangamka. Hapo nikapata ulimi. Nilieleza habari za Wanyamwezi nyumba kwa nyumba, kila nilichosema kikapokelewa, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili mtani wangu alikuwa kimya na mimi nasikilizwa.

Akanigusa goti. Alisema kwa sauti ya chini, na hakuniangalia.

“Mtani, soksi yangu imelowa. Hebu nitazame mguu.”

Bado ninaweza kuisikia ile sauti. Haikuwa sauti ya utani, na mimi nilikuwa nimeishi na utani wake muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nilijua. Kama nisingejua, nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Nikawageukia wazee. “Mmesikia, jamani? Babu zake walikuja tukawapa maji ya kunywa. Huyu anataka kuoshwa na miguu.”

Mzee mmoja alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye kete za bao. Mwingine akasema aoshwe, kisha apewe na mwali. Benchi zima lilitikisika. Na aliyecheka kuliko wote ni mtani wangu. Afanyeje? Kwenye utani hakuna njia ya kusema “sasa ninasema kweli.” Ukishachekwa, cheka. Kusihi mara ya pili ni kukasirika, na kukasirika ni haramu. Nilikuwa ninaijua sheria hiyo, na nilimfungia ndani yake mbele ya watu. Akaurudisha mguu wake taratibu chini ya benchi.

Nilijiambia nitamtazama baadaye. Baadaye tulikula samaki wa maji baridi na ugali wa muhogo, wazee wakanisifu ulimi, nikalala usingizi mzuri. Katika safari ile yote sikukosa swala. Kila swala nilitawadha, na kila nilipotawadha niliosha miguu yangu mpaka kifundo, nikipitisha maji kati ya vidole kama ilivyofundishwa. Miguu yake iliyokuwa hatua mbili kutoka kwangu sikuigusa tena mpaka mtoni.

Siku ya tatu mimi ndiye niliyekuwa mbele. Sikujiuliza kwa nini. Nilidhani miili imezoea, nikajipongeza kwamba gia nimezielewa. Njia ilikuwa inashuka, udongo mweusi, nyasi ndefu pande zote mbili, na harufu ya maji ikitujia kabla ya mto wenyewe. Nilikuwa nasimama kumsubiri, namwita mpagazi, nampigia kengele. Alijibu, lakini majibu yalikuwa mafupi na yalichelewa. Kwenye kilima cha mwisho alishuka akasukuma, na nikamwambia babu wa baba yake anaona aibu huko aliko.

Ruvu ni mto wa rangi ya chai ya maziwa. Mwanamke aliyekuwa anafua alituonyesha mahali ambapo mamba hawaji, akatuazima kopo. Mtani wangu akaegemeza baiskeli, akakaa ukingoni, akautazama mto. Alikuwa na furaha, lazima niseme hilo. Akasema hapa ndipo. Akasema atakoga avae shati safi lililo kwenye keria, kisha ndipo atanirudisha pwani. Akafungua kamba za raba.

Mguu wa kushoto ulitoka. Wa kulia ulitoka nusu, ukakwama. Nikapiga magoti nikauvuta, na harufu ikanifikia kabla sijaona. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Mwiba ulikuwa umepenya soli ya raba, ukaingia chini ya kidole gumba, ukakatikia humo, na juu ya mwiba huo alikuwa amekanyaga pedeli tangu mchana wa jana, korongo na baiskeli yangu kichwani, vilima vyote, bila kuhisi chochote. Unyayo ulikuwa umevimba na kubadilika rangi mpaka kwenye kifundo.

Hakuutazama mguu. Alinitazama mimi.

“Haya, mtani,” akasema. “Cheka.”

Nilichota maji kwa lile kopo nikamwosha. Aliniacha nimwoshe. Hakukoga na shati hakubadili. Kijana wa bodaboda alitupeleka zahanati, nesi akautazama mguu akaanza kupiga simu kabla hajatuuliza majina, na kufikia usiku mtani wangu alikuwa hospitali Dar es Salaam. Baiskeli zetu ziliachwa kwa yule mwanamke wa mtoni. Sijui ziliishia wapi.

Walikata vidole viwili kwanza. Wiki iliyofuata wakakata chini ya goti.

Nilipokwenda kumwona nilikuwa nimeshaandaa tusi. Njia nzima nililipanga, kwa sababu nilijua hiyo ndiyo dawa: ningemwambia sasa atalipa nusu nauli, yeye angeniambia Mzaramo ana miguu miwili na hajawahi kufika popote, na mambo yangerudi. Nje ya wodi nikamkuta mkewe na chupa ya uji. Akanishika mikono yote miwili. Akanishukuru. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba kila jioni nilimvua viatu nikamwangalia, na kwamba mwiba ule ulimwingia asubuhi ya mwisho, karibu na mto, hakuna ambaye angeweza kuuona.

Nilipokea shukrani ile. Nilisema, “Tulijitahidi, shemeji.” Ni maneno mawili, na ni mabaya kuliko yale ya kwenye benchi, kwa sababu pale walau nilikuwa nimelewa na vicheko. Mpaka leo sijamwambia ukweli. Atausoma hapa, au atasomewa.

Ndani nikatoa tusi langu. Mtani wangu alilisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ahsante kwa kuja, mzee. Umesumbuka na foleni.” Akaniuliza hali ya watoto.

Mzee. Na amebaki hapo. Alirudi kibandani kwake na magongo, mwanawe ndiye anayefanya kazi za kuinama, yeye anakaa kwenye kiti cha plastiki na kuuza. Nikifika anasema karibu, anaagiza niletewe kiti, anauliza kama nimeamka salama. Nimemtukana kwa kila namna. Nimemtukania ukoo, chakula, magongo. Nilifika mahali nikamwambia mbele ya wateja kwamba spea zake ni za wizi. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mlevi mwenye heshima zake. Muuza mapazia, ambaye ametusikia tukitukanana tangu alipofungua duka, aliuliza siku moja, “Wazee, siku hizi mmeokoka?”

Mwishoni nilifanya kosa jingine, na hili nililifanya kwa nia njema. Nilikwenda saa ya kufunga, mwanawe akiwa ametoka kufuata mzigo, nikamwomba msamaha. Nilisema yote: benchi, soksi, kwamba nilijua hakuwa anatania. Alikuwa anapanga cheni kwenye misumari. Akazipanga mpaka zikaisha.

“Mtani hakosi,” akaniambia. “Angalau hilo nilikuwa nimebaki nalo. Nikilala nilikuwa najiambia, alikuwa mtani wangu, alitania, basi. Sasa umekuja kuniambia hukuwa unatania.”

Nilimsaidia kuteremsha shata na akanishukuru kwa kuiteremsha.

Mwezi uliopita dada yangu mkubwa alifariki. Alikuwa ndiye aliyebaki katika tumbo la mama yetu, mimi na yeye tu. Katika misiba yetu watani ndio wanaobeba uchungu wa mwenye msiba kwa kuuchezea. Mama alipofariki, mtani wangu alivaa kanga zake na miwani yake, akainama kama yeye, akazunguka uani akiomba tambuu na kumlaumu kila mkwe kwa jina, mpaka wanawe tuliokuwa tunalia tukaanguka kwa kicheko huku machozi yanatoka, na nilipoinuka kutoka kwenye kile kicheko niliweza kumzika. Dada alimpenda kwa siku ile. Alikuwa akisema nikitangulia, yule mjinga aje anivae.

Nilituma mtu kumwambia. Alikuja. Nilimwona akishuka kwenye bajaji, magongo kwanza, shati jeupe limepigwa pasi. Wazee wa Kizaramo waliokaa mkekani walimjua, wakasogea, nyuso zikaanza kufunguka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, “Mtani kafika, sasa tutapumua.” Shangazi mmoja akaenda ndani akarudi na gauni la dada na mtandio wake, akaviweka karibu naye juu ya mkeka, kama mtu anayeweka chakula mbele ya mgeni.

Akavitazama. Akavikunja vizuri, akamrudishia shangazi kwa mikono miwili. Kisha akajikokota mpaka nilipokaa, akanipa mkono.

“Pole sana kwa msiba, mzee,” akasema. “Mungu akutie nguvu.”

Nikasema, “Ahsante, nimeshapoa.”

Akatafuta nafasi kwenye viti vya plastiki, pamoja na watu wa kutoka ofisi ya kata na majirani wasiomjua dada, akakaa, akaegemeza magongo ukutani, akasubiri jeneza litoke kama wanavyosubiri wao.